Usisifu Mota, Tazama Kitambaa

Juma lililopita nilialikwa kwenye sebule moja hapa Singida mjini kuona skrini mpya. Mwenye nyumba alikaa kochi la katikati, akabonyeza rimoti, na kutoka kwenye dari la jipsamu kikashuka kitambaa cheupe, taratibu, bila kelele. Wageni wakapiga makofi. Shemeji yake akatangaza kwamba sasa sinema imehamia nyumbani. Naomba msomaji azingatie jambo moja: makofi yalipigwa projekta ikiwa bado imezimwa.

Kisha projekta ikawashwa, mpira ukaanza. Kamera ilipoufuata mpira kuelekea lango la kushoto, nguzo ya goli ikapinda, ikanyooka, ikapinda tena. Mstari wa kumi na nane ukapanda na kushuka. Mshika kibendera akanenepa, akakonda, akanenepa. Nikageuka kuwatazama wenzangu: wote wanatafuna karanga na kusifu. Bwana mmoja akauliza bei, akatajiwa, akasema na yeye ataagiza hiyohiyo.

Mtu hakosoi nyumba ya mwenzake huku anakula pilau yake, kwa hiyo nilinyamaza. Lakini kufunga skrini ndiyo kazi inayonilisha, na nimechoka kusikia kazi mbovu ikisifiwa kwa kuwa tu ina rimoti. Niliyoyanyamazia pale nitayasema hapa.

Wanunuzi wengi huanza na mota. Wanataka iwe kimya, iwe na mbwembwe, ishuke kama wanavyoona kwenye kumbi za hoteli. Mota ndiyo sehemu isiyo na siri kuliko zote. Inakaa ndani ya rola na kuizungusha, ukoo mmoja na zile zinazopandisha shata za maduka. Ikiwa na limiti mbili zinazorekebishika, ya juu na ya chini, na kinga ya joto inayoizima baada ya kufanya kazi dakika nne hivi mfululizo, imekamilika. Watoto wakiipandisha na kuishusha bila kupumzika itagoma. Iache ipoe, itaamka yenyewe. Wapo mafundi wanaoitwa usiku kwa ajili ya mgomo huo, wakabadilisha mota nzima, wakalipwa, wakashukuriwa. Sina la zaidi kuhusu mota.

Saizi nayo nitaipitia haraka, maana ni hesabu tu, ingawa ni hesabu inayowatajirisha wajanja. Inchi za skrini hupimwa kona hadi kona. Skrini ya inchi 100 ya 16:9 ina upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Ya inchi 100 ya 4:3, iliyotengenezwa kwa ajili ya semina na madarasa, ina upana wa sentimita 203. Mpira na filamu za leo ukiziweka humo zinabaki picha ya inchi 92 hivi, na juu na chini unabakiwa na mikanda mitupu. Ile ya mraba ndiyo balaa: inchi zake 100 zinakupa picha ya inchi 81. Zote tatu zimeandikwa 100 kwenye boksi. Nimemshuhudia muuzaji mmoja wa Kariakoo akimfungashia mteja skrini ya mraba huku akimpongeza kwamba amepata kubwa kwa bei ya ndogo. Nenda dukani na futi kamba, pima upana, na usikubali kusomewa boksi.

Umbali wa kukaa una kanuni inayofuatwa na watu wa sinema: picha ichukue angalau nyuzi 30 za upeo wa macho yako. Kwa inchi 100 za 16:9, hiyo ni kukaa mita 4 na kidogo. Anayependa kumezwa na picha asogee hadi mita 3 na nusu. Sebule ninazoingia huku kwetu, ukitoa nafasi ya makochi na njia ya kwenda jikoni, hazidai zaidi ya hapo. Inchi 100 zinatosha. Inchi 120 ni za mwenye sebule ya vikao vya ukoo. Inchi 150 nyumbani ni majivuno, na majivuno hayana kipimo.

Kitambaa kiwe cheupe kisichong'aa, geini 1.0 au 1.1, basi. Atatokea mtu wa kukushawishi kwamba geini 2.0 ni "kali zaidi". Geini haizai mwanga. Inauchukua mwanga uleule wa projekta, inaukusanya katikati, na kuwanyima waliokaa pembeni. Sebule ya Mtanzania siku ya mechi ina wajomba, majirani, mlinzi wa nyumba ya pili na watoto waliojipanga kwenye zulia kutoka ukuta hadi ukuta. Geini 2.0 ni skrini ya mchoyo. Za kijivu ni za wavivu wa kufunga mapazia. Zenye vitundu ni za kumbi za sinema, ambako spika hukaa nyuma ya kitambaa. Wewe spika zako ziko chini ya dirisha, vitundu vya nini?

Mgongo wa kitambaa uwe mweusi. Omba ruhusa, pitisha tochi ya simu nyuma yake. Ukiona doa la mwanga upande wa mbele, rudisha kitu cha watu. Mwanga unaopenya kwenda nyuma ni picha uliyoilipia ikaenda kuangaza ukuta. Fremu nyeusi inayozunguka picha iwe pana walau vidole vitatu, na isiwe na mng'ao. Kasha liwe jeupe. La jeusi kwenye dari jeupe ni ushamba, na sitaeleza kwa nini.

Haya yote mtu anaweza kuyajifunza kwa mchana mmoja. Jambo ambalo asiyezoea halioni kabisa, hata akioneshwa mara ya kwanza, ni mawimbi.

Rola ni bomba lililoshikwa kwenye ncha mbili tu. Uzito wake, uzito wa kitambaa na uzito wa chuma cha chini vyote vinalivuta katikati. Likipinda hata kidogo ambacho jicho halikioni, kitambaa hakining'inii tena kwa haki: katikati kinalegea, pembeni kinabeba mzigo wote. Hapo huzaliwa mikunjo ya mshazari inayoshuka kutoka pande mbili na kukutana chini katikati, herufi V moja ndani ya nyingine. Kingo nazo huanza kujikunja kuelekea mbele. Sisi huita masikio. Skrini yenye V na masikio imekwisha, hata kama mota yake itaishi miaka ishirini.

Adui hapa ni urefu. Ukiongeza urefu wa bomba kwa moja ya tano tu, yaani kutoka skrini ya inchi 100 kwenda ya 120, kupinda kwake kwa uzito wake lenyewe kunazidi maradufu. Mwokozi ni kipenyo: ukikiongeza mara mbili bila kubadili unene wa ukuta wa bomba, ugumu wake unakuwa kama mara nane. Ndiyo maana fundi anayejua huuliza kwanza unene wa rola, na muuzaji hushangaa, kwa sababu yeye amezoea kuulizwa kama kuna waranti. Ukiona skrini ya inchi 120 inayoingia kwenye kasha jembamba la kupendeza, jua kwamba wembamba huo umelipiwa na kitambaa.

Kwa nini watu hawaoni? Kwa sababu jicho lina huruma. Wimbi lililotulia chini ya picha iliyotulia jicho hulisamehe. Uso wa mtu ukiangukia bondeni unaonekana uso tu, mpana kidogo. Ni pale kitu kilichonyooka kinapopita juu ya wimbi ndipo wimbi linapojitangaza. Sasa fikiria picha gani duniani ina vitu vilivyonyooka vinavyopita upande hadi upande bila kukoma kwa dakika tisini. Mtu anayetazama tamthilia ya wachumba wawili wanaogombana mezani anaweza kuishi na mawimbi hadi kufa kwake. Sisi skrini tunanunua kwa ajili ya Simba na Yanga, na siku hizi kwa ajili ya Singida Black Stars wakiwa ugenini, maana wakiwa nyumbani tunakwenda wenyewe Liti, uwanja ambao baadhi yetu bado unatutoka mdomoni kama Namfua. Kwa mtazamaji wa mpira, wimbi ndilo kosa la kwanza na la mwisho.

Wajanja wanalijua hilo kuliko wateja. Angalia picha wanayoweka dukani: ua jekundu, ufukwe, chui aliyelala. Picha zote hazitembei, wala hazina mstari ulionyooka. Taa za duka zinawaka zote, kwa hiyo hata kivuli hakuna. Mmoja nilimkuta asubuhi kabla hajafungua, anapitisha draya ya saluni nyuma ya kitambaa ili mikunjo ilegee. Plastiki ikipata joto hutulia kwa muda, mteja akifika anakuta uwanja wa ndege, akifika nyumbani anakuta milima ya Iramba. Mwingine alikuwa na utaalamu wa kupachika nondo ndani ya chuma cha chini. Uzito ukizidi, V hujificha miezi michache, kisha kitambaa kinatanuka pembeni na V inarudi na ndugu zake.

Mzee niliyejifunzia kazi kwake Dodoma hakuwa na mita wala vyeti. Alikuwa na rili ya uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Akishafunga skrini aliishusha, akazima taa, akaenda kusimama ubavuni, shavu limegusa ukuta, akawasha tochi mwanga ukilala sambamba na kitambaa. Mwanga wa namna hiyo hauna huruma: kila bonde linatoa kivuli chake, na kitambaa ambacho mbele kilionekana shwari kinageuka shamba la matuta. Baada ya hapo alinyoosha uzi kutoka ukingo hadi ukingo, akatazama mahali ambapo uzi unaachana na kitambaa.

Na hata ikipita mitihani yote miwili, hakukabidhi rimoti siku hiyo. Kitambaa kilichokaa kimeviringwa ndani ya boksi tangu kiwandani hakijasema ukweli wake. Aliiacha imening'inia usiku kucha, akawaonya watoto wa nyumba, akarudi asubuhi na uzi wake. Wateja walimwona mjeuri. Kuna mkubwa mmoja aliyemfokea kwamba amelipia skrini, si usiku wa kulala nayo. Mzee akaifungua, akairudisha kwenye boksi, akamrudishia hela, akaondoka. Nami nilibeba ngazi nyuma yake nikiwa na njaa, maana hela ile ndiyo ingekuwa ya ugali.

Dawa ya mawimbi inajulikana: skrini ya tensheni. Lakini neno hilo nalo limeshachakachuliwa, kwa hiyo nitalifungua. Kitambaa cha tensheni hakikatwi kwa mstari ulionyooka pembeni. Ukingo wake una upinde mdogo unaoingia ndani, na uzi unapita kwenye vitanzi vya ukingo huo kutoka kasha hadi chuma cha chini. Uzi ukivutwa unataka kunyooka. Katika kutaka kunyooka unakivuta kitambaa nje, kushoto na kulia kwa pamoja. Uzuri wote wa skrini uko kwenye upinde ule, na ni kitu ambacho sijawahi kumwona mnunuzi akikitazama. Kitambaa kinachovutwa kwenda chini peke yake ni kama ngoma iliyowambwa upande mmoja: kina ngozi, kina mti, hakina mlio.

Kwa hiyo, ukioneshwa skrini ya tensheni, fanya mambo matatu. Tazama ukingo: kama umenyooka na uzi umelala juu yake umegandishwa, huo ni uzi wa mapambo, na mwenye duka ama ni tapeli ama ametapeliwa. Gusa uzi kwa kidole: ukidunda, sawa, ukilegea kama kamba ya kuanikia nguo, hapana. Kisha inama utazame ncha za chuma cha chini, uone kama kuna skrubu za kukazia, kwa sababu uzi wowote duniani hulegea, na usiokazika tena ni wa msimu mmoja. Skrini ya tensheni itakugharimu mara mbili au tatu ya ile ya kawaida. Ndiyo, najua.

Wazee wetu hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza habari ya mvuto. Sinema ilipoanza kupelekwa vijijini Tanganyika, miaka ya 1935 hadi 1937, wale Waingereza wa mradi wa filamu uliokuwa na makao Vugiri, kule Usambara, walizunguka na lori lenye projekta na jenereta hadi Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Baada yao zikaja gari za sinema za serikali, za mkoloni kisha zetu. Mzee mmoja wa Kiomboi aliyewahi kuwa utingo wa gari la namna hiyo alinisimulia kwamba kazi yake ya kwanza kila jioni, kabla hata ya kuwasha jenereta, ilikuwa kamba. Kitambaa kilifungwa nguzo mbili, kikavutwa juu, chini, kushoto, kulia, na kila rili ilipobadilishwa alizunguka kukaza tena, kwa sababu upepo wa nyanda zile hauna adabu. Hakuna aliyempigia makofi. Lakini watu walitazama filamu ya namna ya kulima mtama, na mtama ulisimama wima.

Hata vibanda vya video vilivyokuja baadaye, tulivyoviita vibanda umiza, vilikuwa na heshima yao. Tuliingia na sarafu tukakaa kwenye mabenchi, sauti ya Lufufu ikitutafsiria mapigano. Vilipoanza kuhama kutoka televisheni kwenda projekta, wenye vibanda walikigongomea kitambaa kwenye fremu ya mbao pande zote nne, misumari imepangwa kwa vidole, na waliojua zaidi walianza kupiga msumari katikati ya kila upande kisha wakaenda kwenye kona. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ndivyo inavyofanywa. Nimeona vitambaa vya vibanda vilivyo shwari kuliko skrini za mamilioni. Maendeleo yametupa rimoti na kutunyang'anya pande mbili za mvuto.

Singida ina mitihani yake ambayo kijitabu cha kiwandani hakiitaji. Wa kwanza ni upepo. Watu wamekuja kupima upepo wetu kwa ajili ya kuzalisha umeme. Usifikiri utaisamehe skrini yako. Miezi ya kiangazi huwezi kufunga madirisha yote kwa joto la bati, na skrini isiyo na tensheni, dirisha likiwa wazi, hucheza kama kanga kwenye kamba. Kama sebule yako ina madirisha mawili yanayotazamana, skrini ya kawaida usiinunue hata ukipewa bure.

Wa pili ni vumbi. Kitambaa cha plastiki kikishuka na kupanda hujipa chaji ya umeme na kuvuta vumbi jekundu la barabara zetu. Ukilikuta, tumia brashi laini au kitambaa kikavu cha pamba, kutoka juu kwenda chini. Likigoma, maji safi kidogo tu. Sabuni ya unga ni marufuku. Nimekuta skrini iliyosuguliwa na dada wa kazi kwa bidii na mapenzi, ikabaki na ramani ya mng'ao katikati ambayo kila uso wa mtangazaji unapita juu yake.

Wa tatu wanakuja na mvua za kwanza: kumbikumbi. Mwanga mweupe gizani, wao wanaona mbalamwezi. Kosa kubwa ni kuwaua kwa kandambili juu ya kitambaa, na kosa kubwa zaidi ni kupandisha skrini wakiwa bado wametulia juu yake. Rola itawaviringa humo, mafuta yao yatapenya, na kila mduara utaacha mstari wa madoa kwa vipimo vinavyofanana hadi chini. Zima projekta, washa taa ya nje, ngoja waondoke. Pamoja nao kuna mijusi, ambao hulipenda kasha kwa joto lake. Kasha lenye mdomo mpana ni nyumba ya kupanga. Chagua lenye mdomo mwembamba, uliozibwa na brashi au kifuniko kinachojifunga skrini ikipanda.

Kisha kuna safari. Kutoka Kariakoo hadi hapa ni karibu kilometa 700, na skrini yenye kasha la mita 2 na nusu huja kwenye buti la basi, chini ya mabegi, magodoro na jenereta ya mtu. Bomba lililopinda safarini halinyooki kwa dua. Ilipie nafasi yake, ifungwe kwenye ubao mnene urefu wote, na andika juu yake "kioo". Si kioo, lakini wapakiaji huogopa kioo kuliko wanavyoheshimu aluminiamu.

Kwenye kufunga nitasema mambo machache, kwa kuwa hapo mafundi dari na mafundi umeme hutupiana lawama. Skrini hufungwa kwenye mbao za dari au kwenye zege. Jipsamu ni unga na karatasi, haishiki kitu. Tumia pima maji juu ya kasha, kisha pima tena kwenye chuma cha chini skrini ikiwa imeshuka, kwa sababu mara nyingi vinapingana, na anayesema kweli ni wa chini. Ukiificha ndani ya dari, acha kifuniko kinachofunguka. Nilishaitwa Manyoni kubadilisha limiti kwenye kasha lililopigwa plasta likapakwa rangi, kazi ya dakika kumi ikawa ya kuvunja dari. Limiti ya chini ipangwe wakati bado kuna mizunguko kadhaa ya kitambaa kwenye rola. Ukiacha kikaishia kwenye gundi, siku moja utalala sebuleni nacho. Chini ya picha pawe usawa wa magoti ya aliyekaa, au juu kidogo. Wanaoipandisha hadi karibu na dari wanadhani wako kanisani. Na iwe na swichi yake ya ukutani, maana rimoti hupotea, na umeme ukikatika skrini ikiwa nusu njia utahitaji mahali pa kuizimia hadi umeme utulie.

Baada ya yote hayo kuna swali ambalo muuzaji hatakuuliza: unahitaji mota kweli? Skrini ya umeme ina sababu moja tu ya kuwepo, nayo ni kwamba ukuta ule una kazi nyingine mchana: kuna dirisha, kuna kabati la vyombo, kuna televisheni ya mama. Kama ukuta wako uko wazi, skrini ya fremu iliyovutwa pande zote nne itakupa picha iliyo shwari kuliko ya mota ya bei mara mbili yake. Na kama hata hiyo ni ghali, mwite fundi rangi mzuri, apige skimu, asugue kwa msasa huku taa ikimulika kwa ubavu, apake nyeupe isiyong'aa mikono miwili, azungushie fremu nyeusi. Ukuta uliopigwa vizuri unaishinda skrini yoyote isiyo na tensheni. Hilo silijadili.

Lakini kama umeshaamua mota, na ukuta wako una sababu, basi usimalize malipo siku ya kufunga. Mawimbi hayaji na boksi; yanakuja wiki ya pili, ya tatu, joto la bati likishafanya kazi yake usiku na mchana. Mlipe fundi sehemu kubwa siku hiyo, umbakizie kiasi cha kuuma, na mwambie aje kukichukua mwezi ukiisha, siku yenye mechi, kipindi cha kwanza, taa zikiwa zimezimwa. Fundi anayekataa masharti hayo anajua kitu kuhusu skrini yake ambacho wewe hujaambiwa.